Barua kwa Mwanangu: Paa la Wete

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Habari ya paa la nyumba yetu ya Wete, Pemba, kung'olewa na upepo imenifikia, na alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Sasa mzuie fundi asipande juu kwanza.

Piga picha za nje pembe zote nne, kisha ingia ndani upige picha dari, kuta zilizolowa na nyaya za umeme. Halafu sogea karibu na tundu za misumari. Bati lililochanwa na upepo, tundu lake huvutika likawa refu na ukingo wake hung'aa. Lililoliwa na kutu humeguka vidoleni. Mkadiriaji wa bima, yule anayetumwa kupima hasara, atatazama hapo hapo, maana bima hailipi uchakavu, na kwa chumvi ya hewa yetu bati halichelewi kuchakaa. Kwa hiyo mabati yaliyoanguka usimpe mtu akajengee banda la kuku mpaka yakaguliwe.

Turubai weka leo leo. Ukiacha mvua iharibu zaidi, hasara hiyo ya pili watakwambia ni yako. Risiti za turubai, kamba na ujira zitunze uzidai pamoja.

Fungua mkataba. Bima ya moto ya kawaida hubeba moto na radi. Dhoruba na mafuriko ni nyongeza inayolipiwa mbali. Kama imo, tazama siku ulizopewa za kutoa taarifa, upige simu, kisha upeleke barua na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Linalowauma wengi ni thamani iliyoandikishwa. Nyumba ya kujengwa upya kwa milioni 60 ukiikatia bima ya milioni 40, hasara ya milioni 9 italipwa thuluthi mbili, yaani milioni 6, kwa kuwa 40 ni thuluthi mbili ya 60. Na hapo bado hawajakata kile kiasi ambacho mkataba unasema ukibebe mwenyewe katika hasara.

Kwa mkandarasi, usipokee karatasi iliyoandikwa "kazi ya paa, jumla". Aandike mabati mangapi, geji gani, mbao za 2 kwa 4 ngapi, kilo za misumari, na ujira peke yake. Geji 28 ni nene kuliko 30, ingawa dukani wengi hudhani kinyume. Msumari wenye mpira upigwe mgongoni mwa wimbi la bati. Bondeni ndiko maji yanakopita. Kwenye kingo na kofia, yaani bati la kilele cha paa, misumari ikaribiane zaidi, kwa kuwa upepo huanza kunyanyulia huko. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zifungwe kwenye lenta, boriti ya zege iliyo juu ya kuta, kwa ukanda wa chuma, la sivyo paa huondoka na papi zake, zile mbao zinazopigiliwa bati. Ila kanda hizo kama hazikuwapo mwanzo utazilipa wewe: bima hurudisha kilichokuwapo, haiongezi.

Akikwambia apandishe bei ili kile kiasi chako kilipwe na bima, mkatalie. Huo ni udanganyifu, na dai zima linaweza kukataliwa.

Vifaa vilipie dukani mwenyewe. Ujira mpe kwa hatua, asilimia 10 ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite, na makubaliano yaandikwe mbele ya sheha, kiongozi wa shehia yenu.

Siku ya malipo utaletewa hati ya kusaini. Ikisema "malipo kamili na ya mwisho" na wewe bado unadai dari, usisaini. Andika barua, na wakikaidi nenda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ofisi ya Unguja.

Turubai likandamize kwa mifuko ya mchanga, si matofali. Tofali likiteleza usiku hutoboa na bati lililobaki zima.

Wasalaam,
Baba yako