Mwanangu, mgongo nao umetokana na goti

Mwanangu,

Jumapili ulipoinuka mezani ukishika kiuno, nilikuuliza kama umeshawaandikia VA, idara ya Marekani inayowalipa fidia wanajeshi wa zamani, habari za mgongo. Ukanijibu, "Shangazi, mgongo sikuumia jeshini. Siwezi kudanganya." Nililala na jibu hilo. Nafurahi kwamba Marekani haijakufundisha uongo, lakini hapo umekosea, na nakuandikia hadharani kwa kuwa wapo vijana wengi wa kwetu waliovaa sare za jeshi la huku wanaowaza kama wewe.

Goti la kushoto uliliumiza jeshini na VA wamelikubali. Tangu hapo uzito wote unauhamishia mguu wa kulia. Mimi ni muuguzi, wagonjwa wa namna hiyo nimewahudumia: mtu akichechemea miaka 7, nyonga na kiuno havibaki salama. Kanuni zao wenyewe, kifungu cha 3.310, zinasema maradhi yaliyosababishwa na jeraha lililokwisha kukubaliwa nayo huhesabiwa kuwa ya utumishi wa jeshi. Hata kama mgongo ulikuwa na kasoro yake tangu zamani na goti likauzidishia, kile kilichozidi kinafidiwa. Hakuna anayekutaka useme ulianguka chali kambini.

Na tumbo je? Umemeza ibuprofeni, dawa ya maumivu, miaka yote hiyo ili uweze kusimama kazini, mpaka daktari akakuta vidonda. Dawa zilikuwa za goti. Hilo nalo ni dai. Lile la kujifungia chumbani bila kutaka kusema na mtu, tutaliongea tukiwa wawili. Ila ujue maumivu yasiyoisha humvunja mtu moyo, na hilo pia hupokelewa.

Kazi kubwa iko kwa daktari. Asiandike "huenda", maana neno hilo limewaangusha wengi. Aandike kwamba uwezekano wa goti kuwa chanzo ni angalau nusu kwa nusu, na aeleze kwa nini. Mizani ikilingana, sheria yao inakupa wewe haki. Mimi nitaandika ushahidi wangu: nilikuona ukipanda ngazi za nyumba yangu mbili mbili kabla hujaumia, na leo unazipanda ukishika ukuta.

Usipige hesabu ya dukani. VA hupima kila ulemavu kwa asilimia, na asilimia 30 na 20 kwao si 50. Ile asilimia 20 hupigwa kwenye 70 iliyobaki, yaani 14; ukijumlisha na 30 unapata 44, nao huishusha hadi 40. Yeyote anayekuahidi zaidi ya hapo ili umkatie fungu, mkimbie. Vyama vya wanajeshi wa zamani vina wawakilishi waliosajiliwa, na hawatozi hata senti.

Wiki hii wajulishe tu kwamba unakusudia kudai. Taarifa hiyo hukutunzia tarehe ya kuanzia malipo kwa mwaka 1, nawe unaendelea kukusanya karatasi. Jumamosi siingii zamu. Njoo na mafaili yote, hata yale ya siku ulipotoka jeshini. Nitapika samaki, kisha tuanze na mgongo.

Shangazi yako