Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mpunga Pori na Mbegu Zetu

Ndugu wanachama,

Hesabu mtazisikia kwa mhazini, na zamu za maji ya mito ya Njoro na Rau katibu amezieleza kwenye karatasi mlizogawiwa. Sina la kuongeza hapo. Nitatumia muda wangu kwa jambo moja: punje nyekundu kwenye mchele wetu. Dalali akichota kiganja kimoja cha mchele na kuona wekundu, bei inashuka hapo hapo, na lawama zinakwenda kwa mwenye mashine ya kukoboa. Mashine haina kosa. Wekundu huo wa mpunga pori unatoka jarubani, na uliingia msimu mmoja kabla ya ule mliouona.

Tukubaliane kwanza nani mgeni. Mgeni ni mpunga wenyewe. Aina tunazopanda, SARO 5, IR 64 na Supa, zote ni Oryza sativa, uliotoka Asia ukaingia kwetu kwa njia ya pwani. Kule Pemba punje zake zimefukuliwa kwenye makazi ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mwenyeji ni mpunga pori, Oryza longistaminata: mrefu, wenye ndevu ndefu, hupukutisha punje kabla hujashika mundu, na chini ya udongo una mashina yanayotambaa. Hao wawili ni ndugu wa damu, kila mmoja ana kromosomu (nyuzi za urithi) 24 za kundi moja, hivyo huchanganyika. Oryza punctata nao ni mpunga pori wenye kromosomu 24, ila kundi lake ni jingine. Huo ng'oa kama gugu lolote, hauchafui mbegu kirahisi.

Mpunga wa shambani hujichavusha wenyewe. Ua hufunguka kwa muda mfupi, na chavua ikishapeperuka hufa baada ya dakika chache. Mpunga pori hukataa chavua yake mwenyewe, husubiri ya jirani. Kwa hiyo mara nyingi mama ni mpunga pori wa kwenye tuta na baba ni SARO yako. Punje nyingi za mchanganyiko huo husinyaa, kwa sababu chakula cha kiinitete, yaani mmea mchanga, huharibika ndani ya punje. Chache zinazopona hutoa mimea ambayo ni nusu tasa, na hapo wengi hupumua. Ni mapema mno. Chotara hahitaji mbegu ili aishi: anachipua kutoka kwenye mashina aliyorithi kwa mama, anakaa ukingoni mwaka baada ya mwaka akipokea chavua ya jaruba lako, na kila kizazi kinafanana zaidi na mpunga.

Uingereza mambo yalikwenda mbali zaidi ya hapo. Nyasi ya matope ya pwani kutoka Marekani, Spartina alterniflora, ilichanganyika na ya kwao karibu na Southampton. Chotara aliyeokotwa mwaka 1870 alikuwa tasa. Baadaye kromosomu zake zilijirudufu, ikapatikana Spartina anglica, inayozaa vizuri na kufunika matope kwa kasi.

Mara chache mambo huwa kinyume: chavua ya pori huangukia suke la SARO. Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana ndipo tunapodanganyika. Ngozi nyekundu ya punje ni mwili wa mama, si wa mtoto. Punje iliyochavushwa na pori msimu huu itakuwa nyeupe kama dada zake. Ukiipanda, mmea wake utatoa punje nyekundu tupu. Ukiung'oa huo, kesi imekwisha. Ukiuvuna pamoja na mingine na kurudisha mbegu shambani, takriban mimea mitatu kati ya minne itakayotokana nao itazaa nyekundu. Kwa hiyo kukoboa kiganja cha mbegu na kukuta nyeupe tupu si cheti cha usafi.

Maji ya chumvi nayo hayatibu hili. Chumvi ikikolea hadi yai lielee kwenye ndoo, mapepe yatapanda juu na mbegu nzito zitazama, lakini chotara aliyejaa vizuri atazama nazo. Endeleeni kutumia chumvi kwa ajili ya uotaji, na msisahau kusuuza.

Kinachosaidia ni macho na jembe. Pandikizeni kwa mistari, sentimita 20 kwa 20, ili kinachoota katikati ya mistari kijulikane kuwa hakikualikwa. Piteni shambani wakati wa kuchanua: tafuteni mmea uliopita wenzake kwa kimo, wenye ndevu, au unaopukutika ukiupapasa. Ung'oeni na shina lake na kuutoa kwa gunia. Ukiulaza kwenye tuta, utachipua tena. Kabla ya kuvuruga tope, fungulieni maji, acheni magugu yaote wiki mbili au tatu, kisha yaueni. Dawa ya kuua pori bila kugusa mpunga wetu wa kawaida msiitafute, hao ni ndugu mno. Ile 2,4-D inaua majani mapana na baadhi ya ndago, si jamii ya nyasi.

Pawatila, trekta dogo la mkono, ni msaada na ni balaa. Ikipita kwenye mashina ya pori yenye unyevu inayakatakata, na kila kipande chenye pingili kinaweza kuwa mmea. Palipo na pori limeni kiangazi, mashina yakauke juani, kisha kusanyeni kwa reki na kuchoma.

Kamati inaleta maazimio mawili. Mbegu ya kurudi shambani ivunwe katikati ya jaruba, mbali na mfereji, na ivunwe kwa mundu kabla kombaini haijaingia. Pili, kila mwenye jaruba linalopakana na mfereji achimbe pori la upande wake kabla halijachanua, na asiyechimba chama kimlipie kibarua na kukata gharama kwenye mauzo yake. Azimio la pili litapingwa, najua. Naomba tulijadili sasa.