Mazoezi ya Moravac Jumamosi: mahali na saa vimebadilika

Habari zenu ndugu zangu wa Belgrade, poleni na mitihani.

Ukumbi hatuna tena Jumamosi hii. Tukutane saa 9 alasiri bustani ya Kalemegdan, kwenye lango la upande wa mtaa wa Knez Mihailova. Tafadhali tuwahi.

Tutapiga Moravac tu, mpaka itukae mikononi. Jina limetoka kwenye mto Morava, na ni muziki wa kolo, ngoma ya Waserbia ya kushikana mikono iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2017. Gajde, lile zumari lenye mfuko wa ngozi, lina sauti moja isiyokatika chini ya wimbo. Kwa hiyo wapiga fidla, msiogope kuuacha uzi mtupu, usiobonyezwa kwa kidole, uvume chini ya melodia. Ndipo utamu ulipo. Mapigo ni 2/4, upinde mfupi. Hatua zinazunguka kila baa 8 (baa ni fungu moja la mapigo mawili), msiburute. Wiki iliyopita nilimwona kolovođa wetu, yule anayeongoza mstari, mguu uko hewani akizisubiri fidla!

1. Mchango: dinari 500 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi usiku. Ni za chai na nyuzi za akiba.
2. Wachezaji: viatu vyepesi.
3. Mwenye fidla ya ziada aje nayo, kuna wenzetu wawili hawana.

Naomba kila mmoja ajibu hapa NIPO au SIPO kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, nijue idadi ya chai. Asanteni sana.