Barua ya wazi kwa dada yangu wa Musoma, kuhusu vitofali vyangu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji pamoja na watoto. Sisi huku Mwanza hatujambo, isipokuwa vumbi la kiangazi na bei ya sato.

Uliponipigia simu mara ya mwisho uliniuliza, kwa sauti ile ya upole unayoitumia unapokuwa umekasirika, kama ni kweli kwamba mtu mzima mwenye mke, watoto na boma lisiloezekwa kule Buhongwa anamaliza jioni zake akipanga mezani vitofali vya Lego, vile vya plastiki vya kuchezea vinavyoshikana. Ni kweli. Siku ile sikukujibu kwa kirefu, kwa sababu salio lilikuwa linakwisha na jibu lenyewe halikutosha kwenye salio. Nimeamua kuliandika, tena waziwazi, maana nafahamu kwamba hapa kando ya ziwa wapo watu wazima wengine wanaofanya kazi hii usiku mlango ukiwa umefungwa, na wao pia wana dada zao.

Niondoe kwanza utetezi rahisi ambao ungeupokea haraka. Ningeweza kusema kwamba nanunua kwa ajili ya watoto, na watoto wenyewe wangekanusha kabla sijamaliza sentensi, kwa kuwa meza ile hawaruhusiwi kuigusa bila mimi kuwepo. Ningeweza pia kusema kwamba vitofali vinanisaidia kufikiria ramani ya nyumba, jambo ambalo lina ukweli kidogo, lakini fundi wangu hajawahi kuniomba nimwoneshe kitu chochote cha plastiki na sidhani kama ataniomba. Kuhusu hoja yako kwamba ni vitu vya watoto, nakujibu kwa ufupi tu: tangu mwaka 2020 kampuni yenyewe imekuwa ikiyachapa maboksi yake makubwa alama ya 18+, yaani ya watu wazima. Hoja hiyo tuiache hapo.

Unalikumbuka kopo la maziwa ya unga lililokaa chini ya kitanda chetu Mabatini. Vitofali vilivyokuwamo vilitufikia vikiwa vimeshachezewa na watoto tusiowajua, ndani ya belo la nguo ambalo mama alilifungua ili akauze sokoni, na nadhani aliyevifunga humo hakukusudia. Watu wa nyumbani walivitazama mara moja wakaendelea na shughuli zao. Aliyevitazama mara ya pili ni marehemu baba, kwa sababu alikuwa seremala, na seremala akiona vitu viwili vimeshikana bila gundi wala msumari hawezi kupita tu. Alivitenganisha, akaviunganisha, akavipima kwa rula yake ya kukunja, kisha akaturudishia bila kutoa maoni, jambo ambalo kwa baba lilikuwa sifa kubwa.

Nilipokuja kusoma historia ya vitofali hivyo nikiwa mtu mzima nilifurahi kugundua kwamba baba alikuwa amemtambua mwenzake. Ole Kirk Christiansen, aliyeanzisha kampuni hiyo mwaka 1932 katika mji mdogo wa Billund nchini Denmark, alikuwa seremala. Uchumi ulikuwa umeanguka, wateja wa nyumba na samani walikuwa wamepungua, naye akaanza kutengeneza ngazi, meza za kupigia pasi na vitu vya kuchezea vya mbao. Mwaka 1946 alinunua mashine ya kukandamiza plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu, na mwaka 1949 vitofali vya kwanza vikaingia sokoni, vikifuata kwa karibu wazo la Mwingereza mmoja, Hilary Page, aliyekuwa ameshatengeneza vitofali vinavyoshikana. Mbao hazikuachwa mara moja. Ziliachwa mwaka 1960, baada ya moto kuunguza ghala la vitu vya mbao, familia ikaamua kubaki na plastiki. Nafikiri baba angesikitika kidogo kuhusu mbao.

Vitofali vile vya mwanzo havikuwa hivi tunavyovijua. Juu vilikuwa na vinundu, lakini chini vilikuwa na uwazi mtupu, kwa hiyo vilikaa juu ya vingine bila kushikana sawasawa, na ukuta ulioinuka kidogo uliyumba. Tarehe 28 Januari 1958 Godtfred, mtoto wa Ole Kirk, aliwasilisha maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kitu kidogo mno: mirija iliyosimama ndani ya kitofali, upande wa chini. Kinundu cha kitofali cha chini kinaingia kati ya mrija na kuta, kinabanwa kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja, na kwa sababu plastiki inajipinda kidogo kisha inataka kurudi mahali pake, vinashikana. Ni ulimi na tundu la mbao, dada, ila ulimi huu unaingia na kutoka maelfu ya mara bila kulegea. Mwaka 1963 walibadilisha pia plastiki yenyewe wakahamia ile inayoitwa ABS, ambayo ni ngumu zaidi na haibadiliki umbo kwa urahisi. Kitofali cha mwaka 1958 kinashikana na kilichotoka kiwandani mwaka huu. Sina kifaa kingine nyumbani ambacho ningethubutu kukisema hivyo, na chaja za simu ndizo za kwanza kunishuhudia.

Sasa hivi unavipata wapi Mwanza, uliuliza. Duka la kampuni hatuna. Navipata Mlango Mmoja, kwa wauzaji wa mitumba ya vitu vya watoto, ambako vinauzwa kwa fungu vikiwa vimechanganyika na magurudumu, vichwa vya midoli na vipande vya michezo isiyojulikana. Vingi si vya Lego. Hataza zile za zamani zilishakwisha muda, hivyo viwanda vingine vinatengeneza vitofali vya vipimo vilevile bila kuvunja sheria, na vingine ni vizuri. Mimi hukagua kinundu kwanza, kwa sababu vya Billund vina jina limechapwa juu ya kila kinundu kwa herufi ndogo, halafu nabananisha viwili nisikilize. Nikifika nyumbani naviosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40, kwa kuwa maji ya moto huviharibu umbo. Navianika kivulini, maana jua la Mwanza hugeuza kitofali cheupe kuwa cha manjano. Hili la jua mama alilijua kwa mashuka na akatufokea. Sisi tulivianika juu ya jiwe la nyuma ya nyumba.

Na jiwe ndilo ninalotaka kukueleza kwa undani, kwa sababu ndilo linalonikalisha mezani. Ninajenga Jiwe la Bismarck.

Unalijua vizuri, umelipita mara nyingi ukienda kupanda kivuko cha Kamanga: mawe yaliyopandana ndani ya maji, lile la juu limekaa kwa namna inayomfanya mgeni asogee nyuma. Mawe ya Mwanza ni ya itale, na hayakuviringika kwa kubingirika. Mwamba ulikuwa na nyufa zilizokatizana, maji na hewa vikapenya humo vikaumumunyua polepole, na pembe zikaliwa upesi kuliko nyuso, kwa sababu pembe hushambuliwa kutoka pande tatu kwa pamoja. Udongo uliolegea ukaoshwa na mvua, yakabaki mawe ya mviringo yamekaa juu ya wenzao. Kwa hiyo maumbile yalianza na mwamba wenye pembe yakaziondoa pembe. Mimi nimeshika kitofali, ambacho ni pembe tupu, na natakiwa kufika mahali palepale jiwe lilipofika.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu kinachofuata ni milimita 8. Kimo cha kitofali, bila kinundu, ni milimita 9.6. Vipo pia vipande bapa vyenye kimo cha milimita 3.2, yaani vitatu vikipandana vinalingana na kitofali kimoja. Ukijenga kwa kupanda juu tu, mgongo wa jiwe utatoka na ngazi, na hakuna anayepiga picha Jiwe la Bismarck kwa sababu ya ngazi. Lazima baadhi ya vipande vilazwe ubavu, vinundu vikitazama ziwani badala ya mbinguni, na vinapolala, vimo vyake vinatakiwa kukutana na upana wa vile vilivyosimama. Bapa tano ni milimita 16. Vinundu viwili ni milimita 16. Pale panapokutana tano na mbili, ukuta uliolala unafunga na ukuta uliosimama bila hata nafasi ya kupitisha unywele, na kwa kutumia makutano hayo unaweza kuugeuza uso wa jiwe hatua kwa hatua mpaka jicho likubali kwamba ni mviringo. Kona moja inaweza kumaliza jioni nzima, hasa majira ya wadudu wadogo wa ziwani, ambapo nalazimika kufunga madirisha ili wasijazane kwenye taa.

Rangi nayo ilinisaidia bila kupangwa. Mwaka 2004 kampuni ilibadilisha kijivu chake, kile cha zamani chenye joto kidogo kikaacha nafasi kwa kijivu kinachoelekea buluu, na wakusanyaji wengi walilalamika sana kwa kuwa ukuta wenye vijivu viwili unaonekana umebandikwa viraka. Vitofali vyangu vya mitumba vina vijivu vyote, tena vimefifia kwa viwango tofauti, na itale ya ziwani ndivyo ilivyo hasa. Vipande vyeupe nimeviweka juu, kwa ajili ya wale ndege unaowafahamu.

Mpwa wako anataka nijenge Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Nilimfanyia hesabu: vijitu vya plastiki vina kimo cha takribani sentimita 4, na kwa kipimo hicho daraja la kilometa 3 lingehitaji mita 70 hivi za sakafu, yaani lingetoka sebuleni kwetu, likavuka barabara, likaishia kwa fundi cherehani. Alisema fundi cherehani hatakataa.

Narudi kwenye fedha na kwenye boma, kwa kuwa najua hapo ndipo moyo wako ulipo. Boksi jipya la watu wazima sinunui. Bei yake ingenipa mifuko mingi ya saruji, nami nina aibu ya kutosha kulijua hilo. Fungu la Mlango Mmoja halifiki bei ya nondo moja. Boma limesimama kwenye lenta na litasimama hapo mpaka msimu ujao wa mavuno ya kaka, ambaye ameahidi kunikopesha. Lakini kila ninapokwenda Buhongwa narudi na uzito uleule. Tofali likishashikwa na saruji, kulitoa ni kulivunja. Dirisha lilipo ndipo litakapokuwa mimi nikiwa mzee. Kazini nako, nikisaini karatasi imekwenda, na nikimwambia mtoto neno zito haliwi la jana. Katika umri wangu karibu kila ninachofanya kinabaki kilivyofanywa, na mara nyingi kinabaki kwa ajili ya mtu mwingine. Pale mezani nabomoa ubavu mzima wa jiwe kwa sababu tu nimepata wazo lingine, na hakuna kilichopotea, hata kitofali kimoja hakikuchakaa, hakuna fundi anayedai siku yake. Hiyo ndiyo raha ninayoifuata, dada, na watoto hawaihitaji kwa kiasi ninachoihitaji mimi, kwa sababu wao maisha yao yote bado yanabomoleka na kujengwa upya.

Zipo hesabu zinazoonesha upana wa raha hiyo. Vitofali sita tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Kampuni kwa miaka mingi ilitaja 102,981,500, mpaka mwanahisabati wa Denmark, Søren Eilers, alipoona kwamba idadi hiyo ilihesabu tu minara ya kimo cha vitofali sita na kuziacha njia zote ambazo vitofali vinakaa bega kwa bega. Wewe ulikuwa wa minara. Ulijenga kwa mpango, ukakataza mtu asiguse, na nyumba yako ya madirisha mekundu ilikaa juu ya kabati wiki nzima huku mimi nikiililia vipande vyake.

Mama aliniambia kwamba nyumba ile uliondoka nayo ulipoolewa, haijavunjwa, na kwamba bapa la kijani la msingi liko nayo. Sikuombi uivunje. Naomba bapa la kijani, ikiwa nyumba inaweza kusimama bila hilo, na yale madirisha mawili ya akiba yaliyokuwa kwenye mfuko wa kitambaa, kwa sababu juu ya mlima nyuma ya jiwe nataka kuweka nyumba za Mabatini, na madirisha mekundu ya aina ile siyapati kwa bei ninayoiweza. Kama nyumba haiwezi kusimama, basi niletee picha yake na vipimo, nami nitatafuta njia nyingine.

Ukikubali, mpe kifurushi kondakta wa basi la asubuhi, uandike namba yangu juu yake kwa kalamu isiyofutika, nami nitakwenda kukipokea stendi ya Nyamhongolo. Dagaa za watoto tunazihitaji pia na tunashukuru mapema, ila tafadhali zifunge kwenye mfuko wake peke yake.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanza