YAH: Kuku mbichi, maikrowevu, na kidole cha meneja wenu wa zamu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu.

Ndugu Meneja,

Mada tajwa hapo juu yahusika.

Risiti imeambatishwa pamoja na picha tatu. Tarehe, saa na namba ya meza vimo humo, hivyo sitaupoteza muda wenu wala wangu kwa utangulizi. Sera ya kubadilisha chakula chenye kasoro mnaijua kuliko mimi. Mmeibandika ukutani pale kaunta kwa herufi kubwa.

Naanza na kidole.

Meneja wenu wa zamu alikuja mezani, akainama, akalibonyeza paja la kuku kwa kidole kitupu na kusema: "Mbona limeiva hili? Wenzenu wote wanakula, hakuna anayelalamika." Kisha akafuta kidole kwenye kitambaa cha meza yetu na kuondoka. Hakuomba radhi. Hakuuliza hata ni nani kati yetu alikuwa ameshalila. Na kidole hicho hicho, bila kupita kwenye sinki, ndicho kilichokwenda kukusanya glasi za meza ya jirani.

Paja halithibitishwi kwa kidole, ndugu yangu. Linathibitishwa kwa kipimajoto cha kuchoma: ncha inaingia kwenye sehemu nene kuliko zote, haigusi mfupa kwa sababu mfupa utakupa namba ya uongo, unasubiri namba itulie, na isomeke nyuzi 74 za Selsiasi au zaidi. Ncha inafutwa kwa dawa kabla ya kuchoma kipande kingine. Kifaa chenyewe kinaenea kwenye mfuko wa shati.

Najua mtakachojibu, kwa hiyo nakijibu mapema: wekundu karibu na mfupa si lazima uwe ubichi. Ni kweli. Kuku wanaochinjwa wakiwa wadogo mifupa yao haijakomaa, uboho huvuja, hasa wakigandishwa, na nyama ya pembeni hubaki na wekundu hata ikiwa imeiva sawasawa. Lakini lile halikuwa doa la uboho. Nyama ilikuwa inang'aa, inavutika kama mpira, imeng'ang'ania mfupa, na mdomoni ilikuwa ya baridi. Ganda la nje lilikuwa limekolea kahawia, karibu kuungua. Mpishi yeyote akisikia maelezo hayo atawaambia bila kuliona: paja lilitoka kwenye friza likatumbukizwa moja kwa moja kwenye mafuta. Mafuta ya nyuzi 170 au 180 yanaivisha unga wa nje upesi, wakati barafu ya katikati bado inahangaika kuyeyuka. Anayepika kwa kutazama rangi atalitoa mapema kila siku. Na kama kikapu cha kikaangio kilijazwa pomoni, kama ilivyo kawaida mgahawa ukifurika, mafuta nayo yalipoa na mambo yakazidi kuharibika. Dawa yake haina ufundi wowote: mapaja yahamishiwe kwenye jokofu tangu jana yake, chini ya nyuzi 5, yakiwa kwenye trei yenye kingo, rafu ya chini kabisa, ili majimaji yake yasidondokee vya wengine. Si kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu.

Sasa maikrowevu. Hapa nimeruka, maana maikrowevu ndiyo iliyotangulia na kidole kikafuata. Mtanisamehe, kila nikifikia kidole mpangilio unanipotea.

Mhudumu hana kosa, na naomba asiguswe kwa barua hii. Alisikiliza, akasema samahani, akachukua sahani. Sahani ikarudi baada ya dakika nne. Paja lenye mfupa haliivi kwa dakika nne. Kulikaanga upya ni kama robo saa. Lililorudi lilikuwa lile lile. Alama ya uma ile ile, kipande cha limau kilichokamuliwa nusu kile kile, na majani ya saladi yamelala chali, yamenywea, yanatoa maji. Nani anaweka saladi kwenye maikrowevu? Maikrowevu haipashi sawasawa: hapa panaunguza, hapa baridi, ndiyo maana chakula hufunikwa, hugeuzwa, na kuachwa kitulie kidogo kabla ya kupimwa. Lile paja lilichoma midomo ukingoni, na mfupani lilikuwa kama lilivyoondoka. Bakteria wa kuku mbichi, Salmonella na Campylobacter, hawafi kwa joto la ukingoni. Tena chakula kilichokwisha kuingia uma wa mteja kurudishwa jikoni na kupita kwenye vyakula vya wengine ni kosa linalojitegemea, sitalifungua hapa.

Kilichoombwa mezani usiku ule kilikuwa kidogo: paja jipya, au liondolewe kwenye bili.

Ndipo kidole. Narudia kwa sababu mtu wenu wa simu aliandika kwenye taarifa yake kwamba "mteja hakuridhika na ladha". Si ladha! Meneja alikuja, akainama, akabonyeza. Majimaji mekundu yakatoka pale pale alipobonyeza, yakachuruzika hadi kwenye viazi. Akayaona. Tuliyaona sote wanne, na yeye alituona tukiyaona. Akasema limeiva. Alipokwisha kufuta kidole, akaongeza kwa sauti iliyofika hadi meza za dirishani: "Kuna watu kazi yao ni kutafuta chakula cha bure." Ukumbi ukanyamaza. Mtoto aliyekuwa nasi akauliza kama watu hao ni sisi.

Bili ilipokuja kuku alikuwa mle mle, na ada ya huduma juu yake.

Maoni yaliwekwa mtandaoni usiku huo huo, pamoja na picha. Jibu lenu: "Asante kwa maoni yako mazuri, karibu tena!" Jibu hilo, herufi kwa herufi, mmelibandika pia chini ya mteja aliyekuta unywele na mwingine aliyepewa supu ya vuguvugu. Huyo wa supu mngemsoma vizuri. Ameeleza hata kwamba supu ilichotwa kwenye chombo cha kaunta muda mfupi baada ya kujazwa. Chombo kile cha maji ya moto kazi yake ni kushikilia joto la chakula kilichokwisha kuchemka, hakina nguvu ya kupasha chakula kilichotoka kwenye jokofu. Mkimimina humo supu ya jana, itapanda joto polepole na kukaa saa nzima au zaidi kati ya nyuzi 5 na 60, mahali ambapo bakteria wanazaliana watakavyo. Ipashwe kwanza jikoni hadi nyuzi 75, ndipo ihamishwe. Mteja yule amewafanyia ukaguzi bila malipo, nanyi mkamshukuru kwa maoni mazuri.

Siku mbili baadaye ukaja ujumbe wa faragha: maoni yakifutwa, kuna vocha ya mlo. Yaani chakula cha bure tulichosingiziwa kukifuata, sasa mnakileta wenyewe.

Madai ni haya. Fedha za kuku zirudishwe. Hapana, nilipoanza kuandika ndivyo nilivyokusudia, lakini nikiisoma tena barua hii nadai bili yote irudishwe pamoja na ada ya huduma, maana huduma haikuwepo. Radhi kwa maandishi, na saini iwe ya meneja yule, si ya ofisi. Kila zamu iwe na kipimajoto kinachohakikiwa kwenye maji yenye barafu tele, ambamo kinapaswa kusoma sifuri, na daftari la kuandika joto la kila mkupuo wa kuku, saa na jina la aliyepima. Nitumiwe picha ya kurasa za wiki ya kwanza. Ahadi za mdomo nimeshazipokea kwenye simu. Na meneja huyo asionekane ukumbini mpaka afundishwe upya usafi wa mikono, kuanzia sabuni na sekunde 20, kama mwajiriwa wa siku ya kwanza.

Nilitaka kuwapa siku 14. Kwa ajili ya ile vocha, ni siku 7 tangu mtakapoipokea barua hii. Siku ya nane nakala itakuwa mezani kwa afisa wa afya wa eneo, pamoja na picha zote na ujumbe wenu wa faragha, na ujumbe huo huo utaongezwa chini ya maoni yale mtandaoni ili wanaosoma waone bei ya kunyamaza. Maoni hayafutwi.

Paja lenyewe liliondoka mezani usiku ule kwenye mfuko. Limegandishwa, limefungwa, na mfuko una tarehe. Meneja wenu akitaka kulibonyeza tena anakaribishwa, ila safari hii aje na kipimajoto.

Wasalaam,

Mteja wa meza namba 9

Viambatisho: risiti, picha tatu, nakala ya ujumbe wa vocha.