Muulize daktari ovari ziko wapi

Umoja, Nairobi

Shoga yangu,

Huku sote wazima. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Unasema wamekuona na faibroidi, ule uvimbe wa kizazi usio saratani, kando ya kizazi, na kwamba usihangaike. Huenda ni kweli. Lakini unasema pia hedhi ilishakoma na sasa umeanza kuona damu. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu usiku huu.

Nami niliambiwa faibroidi. Hedhi ilikuwa imekatika, kisha damu ikarudi na matiti yakaanza kuuma. Wenzangu wa chama wakanicheka eti nimerudi usichana. Altrasaundi ikaonyesha donge gumu ubavuni mwa kizazi, wakaandika faibroidi yenye kikonyo. Simlaumu sana aliyenipima. Marekani walipochunguza, walikuta zaidi ya wanawake weusi 80 kati ya 100 huwa wamepata faibroidi wafikapo miaka 50. Anayeziona kutwa kucha atawaza nini kingine? Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyeitafuta ovari, yaani kifuko cha mayai, ya kushoto.

Haikuonekana kwa sababu lile donge ndilo lilikuwa ovari yenyewe. Daktari mwingine, huku Upper Hill, ndiye aliyeuliza, akaagiza picha ya MRI na kipimo cha damu cha inhibini, homoni inayotoka kwenye ovari. Kumbe ni uvimbe wa seli za granulosa, zile zinazozunguka mayai ndani ya ovari, saratani ya nadra: kati ya saratani 100 za ovari, hizi ni kama 2 hadi 5. Shoga, huu uvimbe hutengeneza estrojeni, homoni ya kike, nayo hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi mpaka damu itoke. Faibroidi nazo huitegemea homoni hiyo, ndiyo maana hedhi ikikoma kwa kawaida hunywea. Ikikua wakati huo, kuna neno.

Waliutoa mzima, kwa uangalifu, kwani ukipasukia tumboni seli zaweza kusambaa. Kizazi na ovari zote vikaenda, vikapelekwa maabara ya patholojia vichunguzwe. Ulikuwa bado hatua ya kwanza. Bima ya SHA ililipa sehemu, kilichobaki chama kikachanga, wale wale wacheshi wangu. Kliniki sitaacha, maana ugonjwa huu huweza kurudi hata baada ya miaka 20.

Sasa wewe rudi ukaulize: ovari zote mbili zimeonekana, tena mbali na hilo donge? Ukuta wa ndani wa kizazi una unene gani? Wakuchukue kinyama kidogo cha huo ukuta kipimwe, kwani damu baada ya hedhi kukoma si ya kungojewa. Wala usitulizwe na CA-125, kile kipimo cha damu cha saratani ya ovari, peke yake. Yangu ilikuwa sawa kabisa.

Wakikuzungusha huko Mombasa, panda treni ya SGR, nitakungoja stesheni ya Syokimau. Chumba cha watoto ki wazi. Beba picha zenyewe, si ile karatasi ya majibu tu, kisha nipigie Jumapili jioni nijue unafika lini.

Shoga yako wa Umoja