Watu wa Mallorca hawajachoka na watoto wetu, wamechoka kukosa nyumba

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu ile habari yenu iliyosema watu wa Mallorca, kile kisiwa cha Hispania, hawataki tena wageni, ati wanawarushia maji kwa bastola za plastiki na mwenye familia yake afikirie kwenda kwengine. Tangu itoke simu yangu haipoi, ndugu wa Tanga, ndugu wa Mombasa, mpaka shemeji yangu aliyeko Muscat, wote wanauliza jamani nyie si ndo mnaendaga huko na watoto, mko salama kweli? Sa naomba nafasi niwajibu wote hapa kwa mkupuo maana nimechoka kurekodi voisi za WhatsApp usiku baada ya kazi.

Tuanze na bastola. Picha ile iliyozunguka dunia nzima ilipigwa Barcelona, Julai 2024, na Barcelona iko bara, mpaka uvuke bahari ndo ufike Mallorca. Mrekebishe tafadhali. Mallorca nako maandamano yapo tena makubwa, sibishi hilo hata kidogo. Tarehe 21 Julai 2024 maelfu ya watu walijaa barabara za Palma, ndo mji mkuu wa kisiwa, na kundi lililoitisha linajiita Menys Turisme, Més Vida, yaani utalii upungue maisha yazidi. Lakini muulize mwenyeji yeyote kinachomkera ni nini, hatakutajia familia yenye ndoo na koleo la mchanga, atakutajia kodi ya nyumba.

Mallorca iko kwenye visiwa vya Balearic, navyo viko vinne vikubwa, Mallorca, Menorca, Ibiza na Formentera, wakazi wake wote ukiwajumlisha ni kama milioni 1.2, alafu mwaka 2024 peke yake walipokea wageni zaidi ya milioni 18. Uwanja wa ndege wa Palma mwaka huo huo ulipitisha abiria zaidi ya milioni 33, kwa kisiwa ambacho ukikodi gari asubuhi unakizunguka na jioni unarudi kula. Sasa mwenye fleti yake pale anapiga hesabu, nimpangishe mwalimu mwaka mzima au niigawe kwa wiki wiki kwa wageni kupitia Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba? Jibu mnalijua. Palma walishapiga marufuku tangu 2018 kupangisha watalii fleti za kwenye majengo ya ghorofa, wakapelekwa mahakamani na 2023 mahakama ya juu kabisa ya Hispania ikawapa haki, na bado nyumba hamna. Kuna watu wana kazi kabisa, wapishi, wahudumu, madereva, wanalala kwenye magari yenye kitanda ndani pembeni ya mji kwa sababu mshahara hautoshi chumba. Wewe ungekuwa hapo usingeshika bango?

Sisi tunaishi Dortmund. Wajerumani wana utani wao wanaiita Mallorca jimbo la 17, maana wao wenyewe wana majimbo 16, na kweli ukipanda ndege Düsseldorf hata masaa matatu hayaishi ushafika, na ukifika kila mtu anakusalimia kwa Kijerumani mpaka unajiuliza kama umesafiri. Tunakwenda upande wa kaskazini, ghuba ya Alcúdia, kwa sababu moja tu, maji ni mafupi. Unaingia ndani hatua nyingi sana na bado maji yako kiunoni kwa mtu mzima, kwa mwenye watoto wadogo hiyo ni neema. Upande wa Magaluf na Playa de Palma sikushauri na watoto, huko ndo kwa walevi, na hata serikali ya visiwa ishawashika mashati tangu 2020, kwenye yale maeneo yaliyotajwa hoteli za pakeji, zile unazolipia kila kitu kabla, zinatakiwa zisikupe zaidi ya vileo sita kwa siku, vitatu mchana na vitatu usiku. Usicheke, ni sheria kabisa ile.

Safari ya mwisho tulikuwa na mama yangu mzazi, alikuja kutusalimia toka Tanga, na nataka niseme wazi kwamba mama alikielewa kile kisiwa haraka kuliko mwandishi wenu. Siku ya kwanza alfajiri tukamkosa chumbani, kumbe kashashuka pwani na kanga zake mbili anasubiri maji yapwe aone wanaokota nini huko chini. Akasubiri, akasubiri. Bahari ya kule haipwi bwana, inapanda na kushuka kidogo mno, haifiki hata shubiri, sa mtu aliyekulia Tanga ambako maji yakipwa unatembea mpaka unawakuta wenye ngalawa anaona kama bahari imeharibika. Alirudi akaniambia, "Mwanangu, hii bahari imesimama." Alafu akauliza yale marundo ya majani meusi ufukweni mbona hawayazoi, wakati mgeni mwengine pale pale alikuwa anamlalamikia mtu wa mapokezi kwamba pwani chafu. Si uchafu ule. Ni posidonia, nyasi za baharini zenye mizizi na maua kabisa, ziko chini ya maji eneo kubwa mno, zinachuja maji ndo maana yanang'aa vile, na zikikatika zikaja ufukweni zinauzuia mchanga usichukuliwe na mawimbi ya majira ya baridi. Tangu 2018 kuna amri ya kutotia nanga juu yake, ukiwa na boti yako ya mamilioni na nanga yako ikaangukia pale unapigwa faini. Mama akasema basi watu hawa wana akili.

Kilichomfurahisha zaidi lakini ni mkeka. Alikuja na mkeka wake toka nyumbani, na mimi nikawa na wasiwasi tutautandika wapi, maana mbele ya hoteli kumejaa vitanda na miavuli imepangwa mistari kama makaburi ya wanajeshi na wazungu wanashuka saa kumi na mbili asubuhi kuweka taulo kuwahi nafasi, Mjerumani na Mwingereza wanatazamana vibaya kwa ajili ya kitanda cha plastiki. Mume wangu akaniambia tandika popote. Na ni kweli. Hispania ufukwe ni mali ya umma, imeandikwa kwenye katiba yao ya 1978 na ikakaziwa na sheria ya pwani ya 1988, hoteli haimiliki hata punje ya mchanga. Vile vitanda mtu kapewa kibali na halmashauri aweke sehemu fulani na alipie, sehemu iliyobaki ni yako na yangu na ya mwenyeji anayekuja Jumapili na tikiti maji lake na viti vya kukunja. Basi mama akatandika mkeka wake katikati ya watu waliovaa nusu ya nguo, yeye na dera lake na mtandio, akakaa, akamenya chungwa, na hakuna aliyemuuliza kitu isipokuwa kijana mmoja wa Kisenegali anayepita akiuza miwani, huyo alimwamkia kwa heshima zote wakaongea sijui lugha gani, mi sikuwaelewa hata mmoja ila walicheka.

Hapa Mhariri niruhusu nitoke pembeni kidogo. Kwetu Tanzania Bara Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ufukweni, nzuri sana kwenye karatasi. Lakini wasomaji wenu wa pwani wanajua wenyewe mara ngapi mtu kapita mbele ya hoteli anakwenda kwenye chombo chake akaulizwa na mlinzi unakwenda wapi. Hiyo ndo habari ningependa mwandishi wenu aifuate, njia za kushukia baharini ziko wapi na nani kazifunga, kuliko kututishia watoto na bastola za maji.

Turudi kwenye hoteli. Kinachowaudhi wenyeji ukiacha nyumba ni ile pakeji ya kila kitu, unalipa Ujerumani au Uingereza, ukifika unavishwa kibangili cha plastiki mkononi, toka hapo unakula bafe, unakunywa, unalala, unaogelea kwenye bwawa hatua chache toka baharini, wiki inaisha hujanunua hata kahawa nje ya geti. Mwenye mgahawa wa barabarani anakuona unapita tu. Mi sikatai kibangili, nina watoto wanaodai aiskrimu kila nusu saa, bila kibangili tungefilisika. Lakini sikuhizi tunachukua hoteli yenye chai ya asubuhi na chakula cha usiku tu, mchana tunatoka. Jumanne na Jumapili Alcúdia kuna soko ndani ya mji wa zamani wenye ukuta, unapata zeituni, malimau, lozi, jibini, watoto wanaona kwamba kuna watu wanaishi hapa na wana mambo yao. Siku nyingine tulipanda treni ya mbao ya Palma kwenda Sóller, inafanya kazi tangu 1912, inapita katikati ya milima. Nauli yake imenikereketa lakini watoto mpaka leo wanaisimulia.

Kwa Waislamu wenzangu niongeze hili maana halipo kwenye vitabu vya watalii vya Kijerumani. Ule mkate mtamu wa kuviringishwa wenye sukari ya unga juu unaouona kila kona, wanauita ensaimada, unakandwa kwa mafuta ya nguruwe. Mama alishaushika mkononi, mhudumu mmoja alipoona mtandio ndo akamuashiria asile, Mungu ambariki yule binti. Na ile soseji nyekundu ya kupaka, sobrassada, nayo ni nguruwe. Samaki, wali, viazi, mboga na matunda vipo tele, hamtakufa njaa.

Jambo jingine lililonigusa ni kitanda. Mi kazi yangu ni kuhudumia wazee, kwa hiyo nilipoona chini ya kitanda cha hoteli kuna pedali nikaikanyaga tu, kitanda kikapanda juu mpaka usawa wa kiuno. Nikashangaa, hivi ni vya kwetu kazini! Dada anayetandika vyumba, katokea Kolombia na anaongea Kijerumani cha kuunga unga, akanieleza kwamba ni sheria yao ya utalii ya mwaka 2022, hoteli za visiwa vile zinatakiwa ziweke vitanda vya kupandishwa ili wanaotandika wasipinde mgongo siku nzima. Wamepigania sana hiyo, Hispania nzima wana umoja wao wanaitwa Las Kellys. Anatandika vyumba vingi kwa siku kuliko nilivyodhani na anaishi chumba kimoja na wenzake wawili. Huyo ndo aliyekuwa kwenye maandamano. Nilimuuliza, hivi mnataka tusije? Akasema njooni, ila hoteli zatosha, zisiongezwe tena.

Mtu akikwambia ulipe kodi ya utalii risepsheni usinune. Ipo tangu 2016, hoteli ya nyota nne msimu wa joto ni yuro 3 kwa mtu mzima kwa usiku na VAT juu yake, watoto chini ya miaka 16 hawalipi. Inaenda kwenye mambo ya maji na mazingira ya kisiwa, na kisiwa hakina mto wa maana, maji ndo shida yao ya kila kiangazi, kwa hiyo wafundisheni watoto wasikae kwenye shawa kutwa.

Kuhusu muda wa kwenda, likizo ya shule ikianza bei zinaruka hapo hapo, na kuwatorosha watoto shule usijaribu, Ujerumani polisi washakaa kwenye viwanja vya ndege kukagua familia zenye watoto wa shule, jimbo la Bavaria walifanya hivyo 2018, na Uingereza faini ni pauni 80 kwa mtoto kwa kila mzazi, ukichelewa kulipa inakuwa 160. Sisi tunangoja likizo ya Oktoba, maji bado yana joto la kuvumilika, watu wamepungua, na wenyeji wana muda wa kukujibu ukiwauliza njia. Pasaka hapana, mama angeingia yale maji ya Aprili tungemrudisha Tanga na kifua. Na mkiwa ufukweni angalieni bendera, nyekundu hamwingii hata kama maji yanaonekana yametulia, alafu yale madude ya kupulizwa, bata sijui flamingo, upepo ukitoka nchi kavu unaondoka na mtoto juu yake haraka kuliko unavyoogelea.

Walioniuliza viza, mzazi akija Ujerumani na viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, anaruhusiwa kwenda naye Hispania bila viza nyingine, na sisi wenye kibali cha kuishi Ujerumani vile vile, ila kila mtu abebe pasipoti yake pamoja na kadi. Ndugu wa Uingereza wenye pasipoti za Tanzania au Kenya nyie lazima muombe Schengen kivyenu, kibali cha Uingereza hakiwasaidii pale Palma, na muombe mapema maana miadi ya ubalozini kabla ya kiangazi inagombaniwa kuliko vile vitanda vya ufukweni.

Msomaji wenu,
Dortmund, Ujerumani